Kompyuta imekuwa bubu: kufuata dalili hadi kwenye draiva ya sauti

Mwezi wa sita, katibu wa kwaya moja ya Uyole, Mbeya, alinijia na kompyuta ya mezani ndani ya bajaji, ameifunika kanga isiingie vumbi. Kwaya huitumia kusikiliza mazoezi waliyorekodi, wapi besi wamechelewa, wapi sauti ya kwanza imepanda mno. Mashine ilikuwa nzito, wakaipeleka kwa fundi, akapiga Windows upya. Ikarudi nyepesi, ila bubu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi anasema saundikadi imeungua, eti tutafute madabodi nyingine. Kwaya haina hela hiyo."

Hakikuwa kimeungua kitu. Chipu ya sauti ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni draiva yake, iliyofutika pamoja na Windows ya zamani. Haikupita nusu saa sabufa ilikuwa inatikisa vikombe mezani.

Kisa cha namna hii nimekutana nacho mara nyingi, kwa watu wa Mwanjelwa, wa Mafinga, hata kwa wanafunzi wanaosoma Iringa. Mashine zetu nyingi ni za mtumba, na kupiga Windows kumekuwa dawa ya kila ugonjwa. Kwenye sauti, dawa hiyo mara nyingi ndiyo iliyoleta ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo hapa chini nafuata dalili moja moja, kuanzia unachokisikia na kukiona, mpaka kwenye chanzo.

Draiva ni programu inayokaa kati ya Windows na chipu ya sauti, kama mkalimani kati ya bibi wa Tukuyu anayejua Kinyakyusa peke yake na daktari mgeni. Mkalimani asipokuwepo, bibi mzima, daktari mzima, lakini tiba haiendi. Na ujue kwamba kompyuta ya nyumbani siku hizi haina kadi ya sauti ya kuchomeka. Ina chipu iliyosimikwa kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, mara nyingi chipu ya kampuni ya Realtek, inayofuata mfumo wa HD Audio ulioletwa na Intel mwaka 2004 badala ya AC'97 wa mwaka 1997.

Kabla hujagusa draiva

Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, gonga Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Sasa cheza wimbo wowote na utazame vijistari vilivyo pembeni ya kila kifaa. Vikipanda na kushuka kijani huku husikii kitu, mara nyingi draiva haina kosa: Windows imeshatoa sauti, na sauti imepotelea mbele ya safari.

Tazama ni pembeni ya kifaa kipi vijistari vinacheza. Ukikuta vinacheza kwenye jina la televisheni au la skrini, sauti inapitia waya wa HDMI. Hii hutokea sana pale watoto walipounganisha kompyuta na televisheni kutazama mpira, kisha waya ukaachwa hapo hapo. Chagua spika zako, bonyeza "Set Default", yameisha. Vijistari vikicheza kwenye spika zenyewe, hamia kwenye waya. Tundu la spika nyuma ya kompyuta ya mezani ni la kijani; la waridi ni la maiki, na la bluu ni la kuingizia sauti kutoka kwenye redio au kinanda. Chomoa sabufa, ichomeke kwenye simu. Ikinyamaza na kwenye simu pia, ugonjwa uko kwenye sabufa au jeki yake, na hakuna draiva itakayousaidia.

Jambo la pili watu hawaliamini mpaka walione. Kuzima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuianzisha upya kwa "Restart". Tangu Windows 8, ukizima, mfumo huhifadhi kiini chake pamoja na draiva kwenye diski ili kesho uwake haraka. Maana yake draiva iliyokwama leo utaamka nayo kesho ikiwa imekwama vile vile. "Restart" ndiyo inayozipakia draiva upya toka mwanzo. Na kama umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, nenda hatua moja zaidi: zima, chomoa waya wa umeme kabisa, kwenye laptopu toa na betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, kisha rudisha. Chipu iliyoganda kwa mtikisiko wa umeme mara nyingine hufunguka kwa hilo tu.

Alama nyekundu kwenye spika, na maneno kwamba hakuna kifaa cha sauti

Hii ndiyo dalili ya draiva hasa, na hapa usiwe na haraka.

Shika Windows na R, andika devmgmt.msc. Ndipo orodha ya vifaa vyote vya kompyuta ilipo. Tafuta sehemu ya sauti, halafu tafuta sehemu ya vifaa visivyotambulika, vyenye pembetatu ya njano. Kilichomo kwenye sehemu hizo mbili kitakuambia uko kwenye hali ipi.

Ukikuta kifaa kinaitwa "Audio Device on High Definition Audio Bus" kina pembetatu ya njano, furahi. Windows imeiona chipu, imeongea nayo mpaka ikajua ni ya sauti, ila haina mkalimani wake. Ukikuta "Multimedia Audio Controller" kwenye laptopu ya miaka ya karibuni, maana yake ni nyingine kidogo: laptopu hizo hupitisha sauti kwenye kichakataji kidogo cha Intel kiitwacho Smart Sound, na draiva ya hicho ndiyo inayotangulia. Ukiweka draiva ya Realtek kabla ya hiyo utahangaika siku nzima, kwa sababu Realtek amekaa nyuma ya mlango ambao haujafunguliwa.

Bofya mara mbili kwenye kifaa chenye njano usome namba ya kosa. Namba 28 ni draiva haipo kabisa. Ndiyo iliyokuwa kwenye mashine ya kwaya. Namba 10 ni draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi ni draiva isiyo yake au iliyoharibika. Namba 22 ni kwamba mtu amekizima mwenyewe. Bofya kwa kitufe cha kulia ukiwashe. Namba 52 ni draiva ambayo Windows imeshindwa kuthibitisha saini yake ya kidijitali, ile inayoonyesha imetoka kwa nani, na hapo nakusihi usitafute njia ya kuilazimisha, tafuta draiva nyingine.

Sasa swali la draiva ipi. Watu huandika kwenye intaneti "draiva ya sauti" wakapakua chochote kinachokuja juu, bando likaisha, na pamoja na draiva wakaleta programu za matangazo na virusi. Usifanye hivyo, na hizo programu zinazoahidi kukusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache zilivyo. Chipu yako ina kitambulisho chake, na unaweza kukisoma. Kwenye dirisha lile lile la kifaa, nenda "Details", kisha kwenye orodha chagua "Hardware Ids". Utaona mstari kama huu:

HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0887&SUBSYS_103C...

VEN ni aliyeitengeneza chipu. 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14F1 ni Conexant, 111D ni IDT, 1106 ni VIA, 1002 ni AMD na 10DE ni NVIDIA. Hizo mbili za mwisho kwa kawaida ni sauti ya HDMI ya kadi ya picha. Ukihangaika na draiva yake, spika zako zitabaki kimya vile vile. DEV ni aina ya chipu: 0887 ni Realtek ALC887. Na tarakimu nne za mwanzo au za mwisho za SUBSYS mara nyingi hukuonyesha kampuni ya kompyuta yenyewe: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo. Hii inafaa sana kwa mtumba uliokwisha kubandukwa karatasi zote.

Ukishajua hayo, nenda tovuti ya kampuni ya kompyuta, weka namba ya modeli, chukua draiva ya sauti ya hapo. Usianzie kwa Realtek. Kampuni ya kompyuta ndiyo inayojua spika zimeunganishwa kwenye miguu ipi ya chipu, na draiva yake ndiyo yenye maelezo hayo.

Lakini bando halipo, au uko Makete na mtandao unakuja na kuondoka. Kuna njia ambayo haihitaji hata megabaiti moja, na ndiyo niliyomfanyia mama katibu kwanza. Ndani ya Windows kuna draiva ya jumla ya HD Audio iliyotengenezwa na Microsoft. Bofya kwa kitufe cha kulia kwenye kifaa, chagua "Update driver", kisha chaguo la kutafuta ndani ya kompyuta, kisha lile la kujichagulia mwenyewe kwenye orodha. Chagua "High Definition Audio Device", ukubali onyo, uanzishe upya. Haitakupa mapambo ya kuongeza besi, lakini sauti itatoka. Mimi huiacha hiyo hiyo kwenye mashine nyingi za ofisini, kwa sababu haina mambo mengi ya kuharibika.

Sehemu ya sauti haipo kabisa kwenye orodha

Hapa kwenye orodha hakuna chipu ya sauti, iwe na njano au isiwe nayo. Kwanza tafuta "High Definition Audio Controller" kwenye sehemu ya vifaa vya mfumo. Huyo ndiye barabara, na chipu ni nyumba iliyo mwisho wa barabara. Akiwa na njano, mtengeneze yeye kwanza kwa draiva ya chipseti (chipu zinazounganisha sehemu za madabodi), na chipu itajitokeza yenyewe.

Asipokuwepo hata yeye, anzisha upya na uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, mara nyingi kwa F2, F10 au Delete. Tafuta mahali palipoandikwa sauti ya ndani. Mashine nyingine huandika HD Audio, nyingine Azalia, jina la mwanzo la mfumo huo huo wa Intel. Hakikisha imewashwa. Ukiwa humo tazama na tarehe. Betri ndogo ya CR2032 kwenye mashine ya mtumba ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na hapo tovuti za draiva hazifunguki na masasisho ya Windows yanagoma, ukadhani ni mtandao.

Bado haionekani? Kabla ya kusema chipu imekufa, fanya kipimo hiki. Weka Ubuntu, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta kama Windows, kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusimika, ucheze sauti yoyote. Ubuntu inakuja na draiva zake za sauti na haigusi Windows yako. Sauti ikitoka, chipu ni nzima na kosa liko ndani ya Windows. Isipotoka na huko nako chipu haionekani, hapo fundi ana haki ya kusema imeungua. Kipimo hiki kingeokoa madabodi nyingi zilizotupwa bure.

Na chipu huungua kweli, nisikufiche. Msimu wa mvua kwetu, kuanzia Novemba hivi, radi haichezi, na sauti ni mlango mmojawapo kwa sababu waya wake umeunganishwa na sabufa iliyochomekwa ukutani. Ubaridi nao una njia yake. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba laptopu iliyosafiri usiku ndani ya basi ikiingizwa kwenye chumba chenye jiko la mkaa hupata umande ndani. Iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha.

Chipu ikiwa imekufa, usinunue madabodi. Kuna kidude cha sauti cha USB, kidogo kama flashi, chenye tundu la spika na la maiki. Windows inacho tayari kinachohitajika kukiendesha, hakidai draiva. Hicho pia ni kipimo kizuri: kikitoa sauti, ujue Windows yako haina neno.

Inasema huduma ya sauti haifanyi kazi

Hii ni fupi. Windows na R, andika services.msc. Tafuta "Windows Audio" na "Windows Audio Endpoint Builder". Zote mbili ziwe "Automatic" na ziwe zinaendelea. Anza na Endpoint Builder, maana ile nyingine inamtegemea. Zikigoma kuanza, chunguza kama kuna programu ya kinga au ya "kusafisha kompyuta" iliyozizima. Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja.

Sauti ipo, lakini inakwaruza au inakatakata

Kwanza ondoa mapambo. Kwenye mmsys.cpl bofya mara mbili spika, uzime nyongeza zote za sauti. Kisha kwenye "Advanced" chagua 48000 Hz. Yakibaki, tazama kama mikwaruzo inakuja pale mtandao wa wifi unapofanya kazi nzito au betri ikiwa kwenye hali ya kubana matumizi. Hapo draiva inayomchelewesha mwenzake mara nyingi ni ya wifi, si ya sauti, na ndiyo ya kusasisha. Mlio wa mfululizo wa "mmm" unaoacha ukichomoa chaja ya laptopu si kazi ya draiva hata kidogo. Ni umeme wa ukutani na ardhi yake.

Sauti ilikuwa nzuri jana, Windows ikasasishwa usiku, leo imeharibika: rudi devmgmt.msc, fungua kifaa, sehemu ya "Driver", bonyeza "Roll Back Driver". Usidhani sasisho la Windows halikosei. Oktoba 2018 draiva ya sauti ya Intel, toleo 9.21.00.3755, ilisambazwa kimakosa kupitia Windows Update, na kompyuta nyingi zikanyamaza mpaka Microsoft ikatoa sasisho la kuiondoa. Hata watu wanaohamia Windows 11, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, wapo wanaokutana na hili. Laptopu zenye Intel Core ya kizazi cha 11 na Smart Sound toleo 10.29.0.5152 au 10.30.0.5152 zilizuiwa kupanda mpaka draiva hiyo isasishwe, kwa sababu ilikuwa inaangusha mfumo wote kwa skrini ya bluu.

Tundu la mbele halisikiki, la nyuma linasikika

Kwenye kompyuta ya mezani, fungua kava. Waya wa tundu la mbele unaingia kwenye pini tisa za madabodi. Makasha mengine yana plagi mbili kwenye waya mmoja, moja imeandikwa AC97, nyingine HD AUDIO. Chomeka ya HD AUDIO. Ikichomekwa ile nyingine, kompyuta haijui kama hedifoni imeingia, na hakuna draiva itakayoijulisha. Kwa laptopu iliyobaki kimya baada ya kuchomoa hedifoni, ingiza na kutoa jeki mara kadhaa kwa upole. Swichi ndogo ya ndani hukwama kwa vumbi.

Maiki nayo ikikataa huku spika zikifanya kazi, anzia kwenye mipangilio ya faragha. Windows 10 na 11 zinaweza kuzuia programu kutumia maiki mpaka uruhusu.

Kama ni lazima upige Windows

Kuna siku hakuna namna, diski imeoza au virusi vimejaa. Basi kabla hujafuta chochote, chomeka flashi, tuseme ni D, utengeneze folda iitwayo draiva, kisha fungua dirisha la amri kwa ruhusa za msimamizi na uandike:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Amri hii, iliyopo kwenye Windows 10 kuanzia toleo 1607, inanakili draiva zote zilizowekwa kwenye mashine yako, ya sauti, ya wifi, ya picha. Haihitaji mtandao. Ukishamaliza kupiga Windows mpya, andika:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Uanzishe upya. Kama unampelekea fundi, mwombe afanye hivyo mbele yako, au fanya nyumbani kabla hujaondoka.

Mashine ya kwaya nilipoirudisha Uyole nilikuwa nimeshaiwekea draiva kamili ya kampuni yake, nikazinakili zote kwenye flashi. Mama katibu akaiandika kwa kalamu ya wino mzito, DRAIVA ZA KWAYA, MSIFUTE, akaiweka kwenye sanduku moja na vitabu vya nyimbo.